Soketi ya nje ina RCD au haina? Maswali ninayoulizwa na wateja wangu

Mvua zikishaanza tu, Novemba hivi, simu yangu haipoi. Mmoja alikuwa anaosha gari uani, mwingine kachomeka pampu ya maji kwenye soketi ya barazani akiwa peku, umeme ukamgusa kidogo, sasa anauliza "fundi, hii soketi yangu ya nje ina ulinzi au haina?" Mimi nafanya waya za nyumba hapa Mbeya, Uyole na Mbalizi ndiko nilikozoeleka, na kazi zikipatikana naenda Tukuyu, Makambako mpaka Iringa. Nimechoka kujibu kitu kilekile kwa voisi ya dakika nane, nimeamua niandike yote hapa.

RCD ni nini hasa? Mbona kila fundi ana jina lake?

Wengine wanaita ethi likeji, wengine ELCB kwa mazoea, wengine "ile breka yenye batani". Mimi nitaita RCD. Kazi yake ni moja, kulinganisha umeme unaotoka kwenye laivu (waya unaoleta umeme) na unaorudi kwenye nyutro (waya unaourudisha). Kawaida vinatakiwa viwe sawasawa, ukiona uliorudi ni pungufu maana yake kuna mahali unavuja, labda kwenye bati la mashine, labda kwenye ukuta uliolowa, labda kwenye mwili wako kwenda ardhini. RCD ya kumlinda mtu ni ya 30mA (miliampia, yaani sehemu za elfu za ampia), uvujaji ukifika hapo inatakiwa iwe imekata ndani ya sekunde 0.3, na ukiwa mkubwa mara tano ya huo inakata ndani ya sekunde 0.04. Mwili uliolowa unaweza ukawa na ukinzani wa om 1,000 hivi, kwenye volti 230 hapo ni 230mA zinapita kifuani, na moyo hauhitaji zote hizo kuvurugika. Ndo maana tunahangaika na hicho kidude.

Lakini nina sakiti breka na ethi rodi (ile fimbo ya chuma ya kupeleka umeme ardhini) imechimbiwa, si inatosha?

Hapa ndipo wengi wanapojidanganya, na mafundi wenzangu nao wamo, kwaiyo nitakaa hapa kidogo.

Sakiti breka inalinda waya, haikulindi wewe. Imewekwa pale ili waya usiungue ukizidiwa au shoti ikitokea kati ya laivu na nyutro. Sasa tuseme pampu yako ya maji koili imeunguza ganda, laivu imegusa bati la pampu. Umeme unapita kwenye waya wa ethi, unaenda kwenye rodi, unaingia ardhini. Rodi nzuri tu, ya om 20, inapitisha 230 gawanya kwa 20, ni kama ampia 11 na nusu. Breka ya soketi zako ni ya ampia 20 au 32. Ampia 11 kwake ni kama umewasha pasi na jagi la maji, haijali, itakaa hivyohivyo mpaka asubuhi na bati la pampu limebeba umeme muda wote huo, na mtoto akija kuligusa na miguu yake ina tope basi.

Na hiyo om 20 ni mtu mwenye bahati. Nimepima rodi za watu Iringa kiangazi, kule kwenye mawe, unakuta fundi alipiga nyundo rodi ikagoma, akaikata, akaacha kipande kimoja kimesimama ardhini kama kigingi cha mbuzi. Hiyo ukiipima ni om mia kadhaa, breka haitajua chochote. RCD yenyewe hata rodi ikiwa om 500 inakata, kwa sababu 230 kwa 500 ni kama 460mA na yenyewe inataka 30 tu. Kwa nyumba zetu, ambazo ethi yake ni rodi ya mwenye nyumba mwenyewe, RCD siyo pambo.

Nitajuaje kwa macho kama ninayo?

Fungua kifuniko cha meni swichi, yaani lile boksi la breka za nyumba, kile cha plastiki cha mbele tu, usifungue skrubu yoyote. Tafuta kifaa chenye batani ndogo yenye herufi T, mara nyingi batani ina rangi tofauti na mwili wa kifaa. Kisha soma maandishi yake, lazima uone 30mA au 0.03A. Watu wanachanganya na namba kubwa, wanasoma 40A au 63A wanasema "fundi mbona yangu ni kubwa", hiyo ni uwezo wa kubeba mzigo, haihusiani na uvujaji.

Kama hakuna batani popote, huna. Ile swichi kubwa pana ya kuzima nyumba nzima, bila batani, ni swichi tu. Nimekuta nyumba za maana kabisa, vioo mpaka chini, kuna swichi hiyo na breka sita na mwenye nyumba anaamini amewekewa "ulinzi wote". Na kuna zingine zinaitwa RCBO, hizo ni breka na RCD kwenye mwili mmoja, zinakuwa nyembamba na kila moja ina batani yake, ukikuta hizo ujue fundi wako hakubana pesa.

Sehemu ya pili ya kuangalia ni soketi yenyewe. Zipo soketi za pini tatu zenye RCD ndani yake, pana kidogo, zina batani mbili usoni, T na R. Huku si nyingi, lakini zipo.

Nimeiona RCD kwenye meni swichi, kwaiyo soketi ya nje iko salama?

Bado. Umethibitisha kuwa nyumba ina RCD, hujathibitisha kuwa soketi ya nje imepita humo.

Soketi za nje nyingi huwa zinaongezwa baadaye, nyumba imeshaisha, mtu anataka taa ya getini au anataka kuweka mashine ya kuchomelea, fundi anaona njia fupi ni kuchukua umeme palepale unapoingia kutoka kwenye mita, kabla ya RCD. Inafanya kazi vizuri tu, hakuna anayejua. Mama mmoja wa Uyole aliniita kwa shida ya taa ya jikoni, nikasema nimalizie na soketi ya uani, nikabonyeza T nyumba nzima ikazima, uani redio ya kijana wake inaimba kama kawaida. Miaka minne walikuwa wanafulia na mashine pale.

Kwaiyo fanya hivi. Chomeka taa au redio kwenye soketi ya nje, iwake, umeme wa mita uwepo. Ndani zima kompyuta na chochote kisichopenda kuzimwa ghafla, waambie na watu wa nyumbani wasije wakapiga kelele. Mtu mmoja akae nje anaangalia taa, wewe bonyeza T mara moja. Taa ya nje ikizima, imo. Ikiendelea kuwaka, haimo, acha kuitumia na vitu vya maji mpaka ihamishwe. Kama ni RCBO zaidi ya moja, bonyeza moja baada ya nyingine mpaka ujue ipi inakamata nje, alafu iandike kwa kalamu pembeni. Ukimaliza rudisha kiwiko cha RCD juu, kwa nyingine inabidi ukishushe chini kabisa kwanza ndo kinakubali kupanda.

Kama una soketi tatu nje jaribu zote tatu. Usiseme ziko ukuta mmoja.

Nabonyeza T haikati, nifanyeje?

Kwanza hakikisha umeme upo, mana kuna mtu alinipigia usiku RCD mbovu, kumbe luku imeisha. Ile batani inatumia umeme wenyewe kufanya jaribio, hakuna umeme hakuna jibu.

Kama umeme upo na haikati basi kifaa kimekufa au kimefungwa vibaya, kwa mfano waya mmoja haujafika panapotakiwa. Usibonyeze mara ishirini ukitegemea italegea. Ichukulie kuwa huna RCD mpaka ibadilishwe.

Batani ikikata vizuri, maana yake na ethi yangu ni nzima?

Hapana kabisa, na hili swali napenda watu waniulize. Batani inatengeneza uvujaji wa uongo ndani ya kifaa chenyewe kupitia kipande kidogo cha ukinzani. Haigusi ethi rodi yako hata kidogo. Unaweza ukawa na RCD inayokata kama panga na waya wa ethi uani umekatwa na jembe mwaka juzi. RCD bado itakusaidia ukigusa laivu, itakata kwa sababu umeme umepita kwako, yaani wewe ndiye umekuwa waya wa ethi. Ethi ikiwepo inakata kabla hujagusa. Ni tofauti kubwa sana hiyo.

Ethi inapimwa na kipimo chake, fundi anachomeka vipini ardhini anasoma om. Ipime kiangazi, Septemba au Oktoba, udongo ukiwa umekauka, maana ukipima Machi kila rodi inaonekana nzuri. Tukuyu sina wasiwasi sana na udongo, ule wa volkano haukauki na mvua kule ni zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, ila ndo huohuo unyevu unaoingia kwenye soketi, kwaiyo wanachopata kwenye rodi wanakipoteza kwenye boksi la ukutani.

Kile kitesita cha kuchomeka chenye taa tatu kinafaa?

Kinafaa, na kama una nyumba yako nunua, tafuta chenye batani ya RCD juu yake. Unachomeka kwenye soketi ya nje, unasoma taa, zinakuambia kama ethi ipo au laivu na nyutro vimegeuzwa. Zikikuambia hakuna ethi ishia hapo. Zikiwa sawa bonyeza batani yake, inavujisha umeme kidogo kutoka laivu kwenda ethi, na RCD ya ndani ikikata umepata majibu mawili kwa mpigo, RCD inafanya kazi na waya wa ethi umefika kwenye soketi. Hiki kinazidi batani ya T.

Ila kina upofu wake. Hakioni kama ethi na nyutro zimebadilishana, na hakikuambii rodi ina om ngapi, kinakuambia tu ipo.

Fundi wangu alipima kwa balbu, laivu na ethi, ikawaka akasema ethi nzuri na RCD ikakata. Ni sawa?

Ni ujanja wa zamani, tulifundishwa na wakubwa zetu, na mimi nimeufanya sana. Nimeuacha. Balbu ya wati 60 inavuta kama 260mA, RCD ikiwepo itakata, sawa. Lakini ukiwa huna RCD, au imekufa, huo umeme wote unaingia kwenye waya wa ethi, na rodi ikiwa mbovu, mfano om 400, basi waya wote wa ethi wa nyumba unapanda volti 70 na zaidi, na waya wa ethi umeunganishwa na bati la friji, pasi, na kila kitu. Wewe uko uani unaangalia balbu, mtu yuko jikoni kashika friji. Usifanye nyumbani kwako tafadhali.

Na tesita ya bisibisi?

Hiyo inakuambia umeme upo. Basi.

Nimeona video soketi ina batani ya test na reset palepale, nataka kama ile.

Hiyo ni ya Marekani, kule wanaita GFCI. Ni wazo lilelile, hiyo ya kwao aliitengeneza profesa Charles Dalziel wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1961, na kule soketi za nje kwa sheria lazima ziwe na ulinzi huo tangu miaka ya 1970. Yao inakata kwenye 5mA hivi, ni kali kuliko zetu. Lakini ni ya volti 120 na matundu yake hayaendani na plagi zetu, usimwagize ndugu yako akuletee kwenye begi. Ukitaka batani usoni tafuta soketi ya pini tatu ya RCD ya volti 230, hiyo niliyoitaja juu, au adapta yenye RCD unayochomeka kwenye soketi ya kawaida alafu mashine inachomekwa humo. Adapta ni nzuri kwa mtu mwenye grainda au mashine ya kukata nyasi anayehama nayo kazi hadi kazi.

Ndo maana ukisoma maelekezo ya Wamarekani mtandaoni wanakwambia angalia soketi kama ina batani, haina basi nenda kwenye panel. Kwetu anza na meni swichi.

Yangu imeandikwa 300mA. Na ya baba imeandikwa ELCB ina waya mbili za kijani.

Ya 100mA au 300mA ni kwa ajili ya moto, uvujaji mkubwa unaoweza kuunguza nyumba. Mtu anakuwa ameshaumia kabla haijashtuka. Iache pale kama ipo, lakini soketi za nje ziwekee ya 30mA mbele yake.

Ya baba, kama waya wa ethi unaingia na kutoka kwenye kifaa chenyewe, hiyo ni ya kizamani inayopima volti kwenye ethi badala ya kulinganisha laivu na nyutro. Mtu akigusa laivu akiwa amesimama kwenye udongo umeme haupiti kwenye ule waya, kifaa hakina habari. Ibadilishwe tu, usiionee huruma.

Soketi yangu ni woterprufu, ina kifuniko, si ndo salama?

Kifuniko kinazuia maji yasiingie. IP66 ni maji na vumbi, haina uhusiano na kukata umeme. Unahitaji vyote viwili. Na kifuniko kile kinafanya kazi kikiwa kimefungwa, sasa mtu anachomeka waya mnene hakifungi, anakiacha wazi mwezi mzima, mvua ya upepo ya Mbeya unaijua inavyokuja ya kulala.

Inatripu kila mvua ikinyesha, fundi mmoja akaitoa akaniunga moja kwa moja. Sasa haisumbui.

Haisumbui kwa sababu aliyekuwa anapiga kelele umemziba mdomo. Ilikuwa inakata kwa sababu kuna maji mahali, mara nyingi ni boksi la soketi ya nje lililojaa maji kutoka juu kupitia bomba la waya, au taa ya getini, au kiungo cha waya kilichofungwa solotepu na kufukiwa.

Chomoa kila kitu nje, rudisha RCD. Ikikaa, tatizo ni moja ya vifaa ulivyochomoa, rudisha kimojakimoja. Ikikata bila kitu chochote kuchomekwa basi tatizo ni waya au boksi, hapo mwite fundi mwenye leseni ya EWURA aje na mega, kile kipimo cha kuona kama waya unavuja, apime. Na kosa lingine ninalokutana nalo sana ni nyutro ya soketi ya nje kuchukuliwa kwenye laini nyingine isiyopita RCD hiyo, inakata ukichomeka mzigo tu hata kiangazi, watu wanabadilisha RCD tatu dukani wakidhani ni feki.

Umeme ukikatika natumia jenereta, RCD bado inanilinda?

Jenereta ndogo zile za kubeba nyingi nyutro yake haijaungwa na ethi popote. Kwaiyo umeme hauna njia ya kurudi kupitia ardhini na RCD haioni uvujaji. Kinachoudhi ni kwamba ukibonyeza T itakata vizuri kabisa, maana batani inatumia laivu na nyutro tu. Utaamini iko sawa. Mwambie anayekufungia chenjiova (swichi ya kuhamia kwenye jenereta) aliangalie hilo, na ukiwa na jenereta mvua inanyesha usifanye kazi za maji nje.

Kuna kitu RCD haiwezi kabisa?

Ukishika laivu na nyutro kwa mikono miwili, umesimama kwenye kiti cha mbao, kwake wewe ni balbu tu, haitakata. Na radi haizuii, inaweza ikaruka radi ikipiga karibu lakini tv yako itakuwa imeshakwenda. Na RCD ya kawaida haijali ukizidisha mzigo, ndo maana breka inabaki palepale.

Nibonyeze T mara ngapi?

Waingereza, ambao plagi zao ndo hizi zetu za pini tatu, zamani waliandika kila miezi mitatu, kanuni zao za 2018 zikasema miezi sita. Mimi nawaambia wateja mara moja mvua zikikaribia kuanza na mara moja zikiisha, ni rahisi kukumbuka kuliko tarehe. Kifaa kikikaa miaka bila kusogea ndani kinaganda.

Mimi mpangaji, mwenye nyumba hataki kusikia.

Nunua adapta yenye RCD, ni yako, ukihama unahama nayo. Jaribu T yake kila unapoichomeka. Na pampu au mashine ya kufulia ipitishe humo tu, siyo kwenye ekstensheni ya dirishani. Mwenye nyumba akija kuchukua kodi mwonyeshe redio ya uani ikiimba wakati nyumba imezima, nimeona wengine wanaelewa hapohapo.